Kwezinga Nasi Tunaomba Barabara Kama ya Kwemtindi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, shikamoo. Na nyinyi mlioongozana naye, hamjambo.

KARIBU

Sisi wakazi wa Kwezinga tunakupa pole ya mlima. Tunajua gari umeliacha Kwemtindi, ng'ambo ya bonde, ukapanda kwa miguu. Ngoma walizokupigia tangu asubuhi tumezisikia zote. Tunajua pia kwamba umekwisha kula. Hata hivyo, tumepika.

TULIKOTOKA

Sisi ni kaya chache tu juu ya mgongo huu wa Usambara, na msitu wa Amani uko nyuma yetu. Babu zetu wengine ni Washambaa wa hapa hapa. Wengine walikuja kuchuma chai, shamba lilipofungwa wakabaki kulima iliki na mdalasini. Kwemtindi wakati huo palikuwa pori la nguruwe. Waliopafyeka ni watu wa kwetu, waliokwenda kutafuta tambarare. Tunalisema hili kwa sababu leo wanatuita "watu wa huko juu."

TULIYOYAFANYA

Tumejenga madarasa kwa matofali tuliyoyachoma wenyewe. Msikiti na kanisa la Kilutheri tuliviezeka pamoja kwa msaragambo, kazi ya kujitolea ya kijiji kizima, Mzee Marhun akitoa mbao za vyote viwili. Chemchemi ya msituni tunailinda sisi. Maji yake yanatoka bombani Kwemtindi. Sisi tunateka kwa ndoo.

YANAYOTUUMA

Mheshimiwa, tulikubaliana tuandike kwa adabu, lakini tusikudanganye. Tunawaonea wivu watu wa Kwemtindi. Wana umeme, wana barabara, wana zahanati.

Masika iliyopita Leticia, mke wa Wilfred, seremala wetu, alishikwa na uchungu. Tukambeba kwa machela kwenye mvua. Bondeni wabebaji waliteleza, wote wakaanguka.

"Niacheni nizalie hapa," Leticia akasema.

Bibi Hafsa, mkunga wetu, akamwambia, "Mwanangu, mtoto amekaa vibaya. Jikaze, twende."

Zahanati walimpokea vizuri, mama na mtoto wakapona. Tulirudi tukiimba.

Baadaye Wilfred, aliyekuwa amebaki Kwemtindi na mkewe, alikuja peke yake. Aling'oa mlango wa nyumba yake, akauweka begani. Tukamuuliza, "Wilfred, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Leticia amesema mlima huu hapandi tena."

Sasa anatengeneza madawati ya shule ya Kwemtindi, na wengine wamemfuata. Kila anayehama tunamsindikiza mpaka mtoni. Tukirudi, tunawasema vibaya majirani zetu, ambao hawajatufanyia ubaya wowote. Hali hiyo tumeichoka.

MAOMBI

Tunaomba barabara, hata ya kifusi, ilimradi gari la wagonjwa lifike. Tunaomba na sisi bomba la maji ya chemchemi yetu.

La mwisho halihitaji bajeti. Viongozi wote waliowahi kutufikia walishuka kulala Kwemtindi. Mama Dorkasi ametandika kitanda na kufunga chandarua kipya. Tunakuomba, Mheshimiwa, leo ulale kwetu.

Mwenyezi Mungu akupe afya, aibariki nyumba yako, na akurudishe kwako salama, kesho.

Ni sisi,
Wakazi wa Kwezinga.
Imesomwa kwa niaba yao na Kristina Ernesti.