Mwalimu Odile Bule Garae, Aliyekata Ua wa Shule Mbili

Marehemu Mwalimu Odile Bule Garae alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 hapa hapa Latabwe, kaskazini mwa kisiwa cha Pentekoste, mtoto wa kwanza wa mzee Mathias Bule na mama Viviane. Anayewasomea wasifu huu ni mdogo wake wa pekee, Ephraim. Mtanisamehe, ndugu zangu, nikipaza sauti. Huyu hakuwa mtu wa kusimuliwa kwa kunong'ona!

Alianza shule mwaka 1958. Wakati ule visiwa vyetu vilitawaliwa na wakubwa wawili kwa pamoja, Mfaransa na Mwingereza, kila mmoja na polisi wake, jela yake na shule zake. Latabwe tulikuwa na shule mbili, na katikati ua wa miti. Baba alimpeleka Odile kwa Mfaransa. Miaka miwili baadaye akanipeleka mimi kwa Mwingereza. Mama alipohoji, alijibiwa, "Mama Odile, unajua nani ataondoka mwisho? Yeyote atakayebaki, nyumbani yupo wa kutusomea barua zake." Nusu ya familia zilizoketi hapa ziligawa watoto vivyo hivyo.

Marehemu hakuukubali mgawo huo hata siku moja. Mwezi Juni, Waingereza walipogawa chai na mikate kwa sikukuu ya Malkia, alipenya kwenye ua wa miti akiwa na sare yake ya Kifaransa, akaimba kumwombea Malkia kwa sauti ya kutushinda sote. Mwalimu wetu akamshika sikio.

"Wewe mtoto, uko upande gani?"

"Leo nina njaa, mwalimu."

Mkate alipewa, na wa pili akaomba.

Alisomea ualimu mjini Port Vila kuanzia 1969 hadi 1971, akarudi kufundisha shule ile ile ya Kifaransa kuanzia 1972 hadi alipostaafu 2006. Tarehe 30 Julai 1980 tulisimama pamoja kuona bendera mbili zikishuka na moja, yetu wenyewe, ikipanda. Nilimkumbatia nikilia kwa furaha. "Dada, leo tumekuwa taifa moja!" Akanitazama. "Taifa moja lenye shule mbili, Ephraim?"

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1975 na Silas Garae, fundi seremala, Mwanglikana mpole aliyekubali karibu kila kitu. Kifungua mimba wao alipofikia umri wa kusoma, Silas alipendekeza wawagawe watoto, mmoja huku na mwingine kule, kama tulivyozoea. Akajibiwa, "Sigawi wanangu kama nyama ya nguruwe wa harusi." Asubuhi moja ya Mei 1983 marehemu alichukua panga, akafungua mwanya kwenye ua ili watoto wa pande zote wacheze pamoja.

Mwenyekiti wa kamati ya shule ya Kiingereza alipandwa na hasira, akamshtaki kwa chifu, na marehemu akatozwa faini ya mikeka mitano myekundu, ile ile tunayolipia mahari. Mwenyekiti huyo alikuwa mimi. Niliogopa Kifaransa kingetumezea watoto wetu, naye aliogopa watoto wangekua bila kujuana. Alilipa, sisi tukaziba, akakata tena, akalipa tena. Mara ya tatu alifika kwa chifu na mikeka begani kabla hata ya kukata. "Nimetangulia kulipa, Chifu. Naomba nikakate sasa." Baraza zima liliangua kicheko, na mwanya ukaachwa wazi.

Kuunganisha shule zenyewe kulichukua miaka mingine mingi, na mpinzani mkubwa, naona haya kusema, aliendelea kuwa mimi. Kimbunga cha 2020 kilipoezua paa la shule yetu, Odile, mstaafu wa miaka kumi na minne, alisimama kwenye mwanya akawaita watoto wetu mmoja mmoja kwa majina, waje kusomea upande wake. Aliwajua wote! Wiki ile nilitia sahihi ombi la shule moja. Jengo lilikamilika Novemba iliyopita, lugha zote mbili ndani ya darasa moja.

Alianza kusumbuliwa na sukari mwaka 2021, ikamdhoofisha miguu. Wiki iliyopita aliniita. "Najua mtataka kukaa siku kumi bila kazi kwa ajili yangu. Mkiifunga ile shule, nitakuwa nimekata ua bure. Na wewe uliyenitoza faini, Jumatatu uingie darasa la kwanza ujifunze Kifaransa. Nimechoka kukutafsiria." Alifariki nyumbani kwake Jumatano, tarehe 31 Januari 2024, saa nne asubuhi, bila kujua jibu la wazee kwa ombi lake la kutofunga shule.

Jibu limetoka leo asubuhi, na kinywa cha kulitangaza ni changu! Chifu Wilfred Tari amesema, "Sisi wazee tutakaa siku kumi. Watoto wataingia darasani."

Marehemu ameacha mume, Mzee Silas. Watoto watatu, Clémence, Ruth na Basil. Wajukuu wanane, na mdogo wake mmoja mkaidi.

Apumzike dada yangu, asituhangaikie tena. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, mzee wa miaka sabini atakuwa ameketi dawati la mbele.