Mpira Ulioanguka Kati Yetu

Wapendwa, asifiwe Bwana anayeita watu hata uwanjani! Sikutegemea kusimama hapa kutoa ushuhuda wa mpira wa wavu. Mimi, mama wa mananasi, nikiinama tu magoti yanalia!

Ndugu zangu, wengi mnanijua kwa kuimba kwa sauti. Hamkujua kwamba kwa miaka sita, tukifika kwenye "utusamehe makosa yetu, kama sisi nasi tunavyowasamehe," mimi nilikuwa nakohoa. Makusudi kabisa, ili mstari ule unipite. Mdogo wangu Zawadi alikuwa humu humu, benchi la kule. Mama yetu alifia Ubena mikononi mwake, nami nilipofika nilikuta kaburi limeshafukiwa. Zawadi akasema alinipigia simu, sikupatikana. Nikamjibu mbele ya wafiwa kwamba kuanzia leo sina mdogo. Hata alipoolewa huku kwetu Kiwangwa, nilimpita sokoni kama nguzo ya umeme.

Basi Jumamosi moja akina mama tulicheza mpira huo wa wavu na mabinti zetu wa umoja wa vijana, hapo nyuma ya kanisa. Mwalimu wao akatupanga kwa kimo. Wafupi wawili ni nani? Mimi na Zawadi, bega kwa bega. Nikaomba nihamishwe. Akasema mama, tutazunguka nafasi, lakini jirani yako ni huyo huyo mpaka mwisho. Nikanuna, nikafunga khanga kiunoni, nikaingia.

Mabinti wakabakiza pointi moja watumalize. Ukaja mpira mkali, nikaukinga kwa mikono miwili, ukapaa juu ya vichwa vyetu. Sheria mnaijua, mmoja haugusi mara mbili mfululizo. Aliyekuwa karibu ni Zawadi peke yake, na jua lilimpiga machoni, hauoni. Ilinilazimu nimwite. Ndugu zangu, sijui nani alinifungua kinywa!

"Mdogo wangu!"

Zawadi akauacha mpira. Akanigeukia, akakunja goti kidogo kama mama alivyotufundisha.

"Abee, dada."

Mpira ukaanguka kati yetu, pu! Tukafungwa. Mabinti wakashangilia, kisha wakatusogelea, maana walituona tumekumbatiana mchangani tunalia. Mimi nilimkana mbele ya watu, kumbe yeye miaka yote sita alikuwa anasubiri kuitwa tu. Niliogopa, wapendwa. Nilijua Mungu yupo pale, nami nilikuwa nimekuja kucheza.

Habari ya simu sikuiuliza tena. Namshukuru Bwana, nawashukuru na mabinti kwa kutufunga. Na wewe ndugu yangu uliyelifungia jina la mtu moyoni, mtumaini Yesu, ulitamke leo hii. Huenda mwenyewe yuko karibu kuliko unavyodhani.

Jumapili iliyopita sala ilipofika pale pale, kikohozi kilikuja kwa mazoea. Nikakimeza, nikausema mstari wote. Zawadi alikuwa benchi langu.