Caren wa Silibwet na Mume Aliyegoma

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tuna jina moja la kukaa nalo: Caren Chepkemboi, mkulima wa majani chai wa Silibwet. Caren alituaga wiki jana, Agosti hii ya 1999, baada ya kuugua nimonia. Mumewe, Jonah, ndiye aliyeomba tumkumbuke hewani. Na Jonah ametaka tuseme ukweli wote.

Mwaka wa 1996 wakulima wa kijiji chao waligoma kuchuma chai kwa sababu ya bei ndogo ya kiwanda. Mgomo ukaisha. Majirani wakarudi shambani. Jonah hakurudi. Aliyemuuliza aliambiwa kwamba yeye bado anagoma. Kumbe, wasikilizaji, hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa haoni maana ya kuamka, basi. Mgomo ulimpa sababu nzuri ya kukaa, na kukaa kukamkolea.

Caren akachuma peke yake, akakamua ng'ombe, akalisha watoto. Nusu ya shamba ikamshinda. Chai ikarefuka mpaka ikawa miti.

Jioni moja Kiptum, kaka yake Caren, alikuja kuwatembelea. Jonah akaanza kumhubiria habari za bei. Caren akaweka vikombe mezani, akasema kwa upole, "Baba Janeffer, kiwanda ulikigomea sababu ya bei. Mimi unanigomea sababu ya nini?"

Kiptum akatazama sakafu. Jonah alishikwa na aibu, hata chai ikamshinda kunywa.

Asubuhi akaingia shambani na panga, akaanza kukata ile miti. Hamu hakuwa nayo. Kufikia saa nne viganja vilikuwa na malengelenge, akatamani kurudi kulala. Caren akaja, akashika mstari wa pili. Sasa angerudije? Jonah anasema ni aibu iliyomtoa kitandani miezi ile yote. Moyo wa kazi ulikuja polepole, chai ilipoanza kuchipuka tena.

Juzi, mazishini, wazee waliona chai ilivyokatwa sawasawa, wakamsifu Jonah. Akasimama mbele ya watu.

"Msinisifu," akasema. "Hii shamba ni ya Caren. Nilimwachia peke yake, na sikuwahi kumwambia hata pole na kazi."

Akakaa, kichwa ameinamisha.

Jonah, Janeffer na ndugu zako, nawe Kiptum, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Tumemkumbuka Caren Chepkemboi wa Silibwet.

Nawe unayetusikiliza ukiwa umejilaza, huku mwenzako anafanya kazi yako huko nje, inuka. Mwambie pole angali anasikia, kisha umpokee kazi.