Swali la Mama Lisette

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Mama Lisette, muuguzi mkuu wa chumba cha magonjwa ya tezi katika kliniki yetu ya Kamenge, anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Mimi Chanelle niliyeombwa kuandika haya ndimi nitakayekaa kwenye kiti chake kesho. Naogopa, wala sioni haya kusema.

Mama Lisette alimwuliza kila mgonjwa swali lile lile: unameza nini, na umeacha kumeza nini? Sisi wauguzi tulimcheka sana. Hata padri aliyekuja kubariki jengo jipya aliulizwa, akajibu kwa adabu.

Mwaka wangu wa kwanza niliacha kucheka. Orlane, muuza vitenge wa Kinama, alikuwa amemeza vidonge vya kunenepa vya sokoni kwa miezi minane. Nilimgombeza, nikamwambia avitupe siku ile ile. Siku nne baadaye aliletwa amebebwa, presha imeshuka, macho yamegeuka. Sote tukasema malaria. Mama Lisette akauliza swali lake, na mume wa Orlane akaninyooshea kidole. Ole wangu!

Vidonge vile vilikuwa na kotisoni, dawa inayofanya kazi kama homoni ya mwili. Kumbe tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo, ambazo hutengeneza homoni ya kushikilia presha, zilikuwa zimelala kwa sababu vidonge vilizifanyia kazi. Huamshwa polepole, kwa kupunguza dozi, si kwa kuacha ghafla. Daktari alimchoma sindano ya homoni hiyo, Orlane akapona. Mama Lisette hakunitangaza kwa mtu.

Juzi, katika joto hili la Bujumbura, yeye mwenyewe alikuja amevaa sweta, uso umevimba, sauti nzito, hatua za kuburuta. Wenzetu walisema ni uchungu wa kuaga. Mimi nilikumbuka kwamba aliondolewa tezi ya shingo zamani, anaishi kwa kidonge kimoja cha asubuhi kinachofanya kazi ya tezi hiyo. Mimi ni nani hata nimhoji Mama Lisette? Nilifunga mlango, nikamwuliza swali lake.

Alikiri. Vidonge vilikwisha wiki saba zilizopita, na shughuli za kuondoka zikamsahaulisha kununua vingine. Tulimpima damu siku ile ile, daktari akamwandikia dawa.

Asante, Mama, kwa yote. Kesho nitauliza nikiwa bado na hofu, lakini nitauliza. Nenda ukapumzike salama, na kila asubuhi, kabla ya chai, meza.