Koti Lililoitwa Mke Mwenza

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Aliye jikoni apunguze moto, aje. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlimwona akipita, hata kama hamkuwahi kusalimiana naye. Tulimwita Taratibu. Alikuwa dereva wa pikipiki. Kazi yake ilikuwa kubeba sampuli za damu kutoka zahanati ndogo kwenda maabara ya hospitali kubwa. Kasha la barafu nyuma, yeye mbele, mwendo wa mtu anayekwenda kuposa.

Taratibu alifariki wiki iliyopita. Moyo ulisimama akiwa amekaa nyumbani kwake, kandambili mguuni. Hakufa barabarani. Narudia, hakufa barabarani. Na sifa yake kubwa mnaijua: Taratibu hajawahi kuanguka. Hospitali walisema hivyo. Madereva wenzake walisema hivyo. Hata redio hii ilisema, na aliyesema ni mimi.

Lakini leo naanza na koti lake.

Mliomwona mnalikumbuka. Koti jeusi la pikipiki, la kitambaa. Si lile la ngozi la wenye nazo, wala si lile jepesi linalopeperuka kama mfuko wa nailoni. La kati. Kitambaa kigumu kama cha begi la shule, kinga mabegani na viwikoni, zipu mbili, na bitana ya kuzuia mvua ambayo unaweza kuitoa na kuirudisha. Alilinunua jipya dukani. Akalivaa miaka kumi na moja.

Kumi na moja, nasema, na nasema kwa wivu. Mimi pia huja studio kwa pikipiki. Nilinunua koti kama hilo, duka hilohilo. La kwangu zipu ilikufa mwaka wa pili, na mwaka wa tatu mvua ikanifikia mpaka kwenye fulana. La kwake lilivuja kidogo tu kifuani, tena mvua ikizidi saa nzima. Weusi wake ulififia mabegani ukawa rangi ya majivu. Vipande vinavyong'aa vikachanika. Kishikio cha zipu kilipotea, akaweka pete ya ufunguo. Basi, hayo tu. Siku moja nilimuuliza siri yake. Akanijibu, "Maji baridi, lianikwe kivulini, halafu kila kitu na fundi wake." Nikadhani anamsema mkewe.

Maana mkewe ni fundi cherehani. Wateja humwita Mama Pindo, kwa sababu akikupindia suruali utautafuta mshono usiuone. Cherehani yake iko chumba cha mbele, karibu na dirisha, na hapo ndipo nilipomkuta juzi nilipokwenda kumpa pole.

"Alikuja nalo kwenye mfuko wa duka," aliniambia. "Mimi nimewashonea watu nusu ya mtaa huu. Mume wangu anakwenda kununua nguo dukani. Nilijisikia vibaya, sikufichi. Na lile koti halikunipenda. Shingoni lina velkro, ile ya kunata. Kila nikimkumbatia inanasa kitambaa changu cha kichwa, kama inaniambia sogea huko."

Akaliita mke mwenza. Binti yao, ambaye sasa ni mwalimu, anakumbuka vizuri. "Baba akifika, kwanza anatundika koti nyuma ya mlango na kulinyoosha mabega. Ndipo anatusalimu. Mama anamwambia, 'Umemaliza na mwenzangu? Haya, njoo kwa mkubwa.' Tulikuwa tunacheka wote. Ila Mama alikuwa anacheka kwa mdomo tu."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, kuna jambo lazima mlijue. Kaka yake Mama Pindo alikufa kwa ajali ya pikipiki. Kwa hiyo alipoolewa alimwekea mumewe sharti moja. Alimwambia, "Siku utakayoanguka, hata ukichubuka goti tu, utachagua. Pikipiki au mimi." Taratibu alikubali. Hakuwa na kazi nyingine, na hakuwa na mke mwingine.

Mwaka wa tano wa lile koti, Mama Pindo alikuwa analifua. Akatoa kinga za viwiko, akageuza mkono ndani nje. Pale kiwikoni akaona mshono. Haukuwa wa kiwandani. Haukuwa wake.

Nyinyi na mimi tungeona uzi tu. Fundi haoni uzi, anaona mkono wa mtu. "Mimi nikifika mwisho narudi nyuma mara mbili, nakata," alisema. "Huyu alirudi mara tatu. Uzi mnene, umepakwa nta. Na umenyooka, usifikiri. Ulikuwa mshono mzuri. Hilo ndilo lililoniuma."

Mwaka uliofuata, mshono mwingine begani. Kisha mwingine kwenye pindo la nyuma. Mkono uleule, kurudi mara tatu. Mumewe ana fundi nyumbani, fundi wa kulala naye kitanda kimoja, halafu nguo yake anaipeleka nje. Jamani, hapo hata mimi ningekosa usingizi.

Hakumuuliza. Alianza kumtafuta mwenye mshono. Akiwa kwenye foleni ya zahanati, anageuza pindo la aliye mbele yake. Akitembelewa na shoga yake, anampokea pochi ili aikague. Watu wakaanza kusema fundi amechanganyikiwa kidogo. Mpaka siku moja mteja akaweka begi la mtoto wake juu ya meza. Mama Pindo akaligeuza. Kurudi mara tatu. Uzi wa nta.

"Nikamuuliza, begi hili kashona nani? Akanielekeza. Nikaenda. Sikuingia. Nilisimama ng'ambo ya barabara kama mwizi. Nikamwona. Dada mmoja mrefu, anashona mabegi na maturubai, ana cherehani kubwa kuliko yangu. Kicheko chake kinasikika mpaka nje. Nikasema, kikulacho ki nguoni mwako. Nikarudi nyumbani nikapika."

Akanyamaza miaka minne. Anafua koti, anahesabu mishono, ananyamaza. Anasubiri mumewe aseme. Mumewe naye anaomba Mungu mkewe asione. Ndoa hiyo, wasikilizaji wapendwa, na nje tuliiona imetulia.

Wiki iliyopita Taratibu akafariki. Watu wakajaa nyumbani. Mama Pindo akainua macho nyuma ya mlango, akaona msumari mtupu. Koti halipo. Akatafuta chumbani, akatafuta uani. Binti yake akamwambia, "Mama, tulia, litaonekana." Ndipo mlango ukafunguliwa. Akaingia yule dada mrefu, fundi wa mabegi, amekumbatia koti kifuani.

"Mama, pole sana," akasema. "Nimeleta koti la marehemu. Lilikuwa kwangu."

Binti anasema chumba kizima kiligeuza shingo. Kuna shangazi mmoja alisogea mbele asipitwe na neno. Mama Pindo akainuka. Akamshika yule dada mkono, akamwingiza chumba cha cherehani, binti akafuata, mlango ukafungwa. Shangazi alibaki nje, na mpaka leo hajasamehe.

"Tangu lini?" Mama Pindo akauliza.

"Tangu lilipochanika kiwiko."

"Kwa nini kwako?"

"Kitambaa hiki kinavunja sindano za kawaida, Mama. Kinataka mashine ya mabegi." Yule dada akaonyesha kiwiko, akasema, "Na kwa sababu alikuwa ameanguka. Koti halichaniki hivi kwa kutundikwa. Kila mara alipokuja nalo, hata mara hii ya mwisho, alikuwa ameanguka. Kila mara nilimwambia, nenda kamwambie mwenyewe nyumbani. Anasema, nikimwambia, nimempoteza."

Nilimuuliza Mama Pindo alijisikiaje. Nilidhani atasema alipata nafuu. Hapakuwa na mapenzi ya siri, mume alikuwa wake peke yake. Akanitazama kama mtu aliyeleta kitambaa kifupi akadai gauni refu.

"Nafuu ipi?" akasema. "Wivu uliongezeka. Angekuwa amempa mwili, ningejua la kufanya, ningepiga kelele mtaa mzima. Huyu alimpa hofu yake. Alikwenda kwake akitetemeka, akakalishwa, akapewa maji. Mimi alikuwa ananiletea kicheko. Miaka yote hiyo mimi nilipewa kicheko tu. Na mlango nilifunga mwenyewe, kwa maneno yangu."

Basi akachukua wembe, ule wa kufumulia. Akalilaza koti mezani. Akamwambia yule dada, "Nafumua mishono yako yote. Nashona upya kwa mkono wangu."

Fundi wa mabegi hakukasirika. Alivuta kigoda, akakaa. "Fumua, Mama."

Akaanza na kiwiko. "Hapa aliangukia wapi?"

"Kwenye kivuko cha reli, mvua ilikuwa inanyesha. Aliniambia alipoinuka alikagua kasha la damu kwanza, ndipo akajikagua mwenyewe."

Akafumua, akashona. Sindano mbili zikavunjika, akaweka ya tatu. Bega je? Bega ni mbwa aliyekatiza mbele ya soko. Pindo la nyuma je? Mchanga kwenye kona ya shule, alilala chini watoto wakimcheka, akacheka nao. Kila mshono akauuliza, kila mshono akajibiwa. Binti anasema alikuwa anamsikia baba yake anaishi upya, pale mezani.

Kisha wakatoa bitana. Ndani, usawa wa mbavu, palikuwa na mchaniko mwingine. Umeshonwa vibaya, mshono unapanda na kushuka, mwisho umefungwa fundo kubwa kama la kamba ya mbuzi. Mama Pindo akamtazama mwenzake.

"Huu nao ulikuwa wapi?"

Yule dada akausogeza kwenye mwanga. "Huu si wangu."

Mama Pindo akaugusa uzi. Uzi wa kahawia, wa sare za shule. Ulitoka kwenye kibweta chake mwenyewe. Taratibu aliuchukua, akajishonea, kwa vidole vilivyozoea breki.

"Kwa hiyo hata wewe hakukwambia," akasema Mama Pindo.

"Hakuniambia."

Binti anasema ndipo mama yake alipocheka, tena kwa sauti, msiba ukiwa mlango wa pili. Yule mwingine naye akacheka, machozi yanamtoka. Mshono ule hawakuufumua. Nilipofika juzi niliwakuta wote wawili hapo, koti katikati yao, wanagombana kwa upole kuhusu saizi ya sindano.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tulio hapa studio, tunampa pole Mama Pindo, tunampa pole binti yake, tunawapa pole madereva na watu wa maabara. Pole pia kwa fundi wa mabegi, ambaye hakuna aliyekumbuka kumpa. Nawe unayenisikiliza, fikiri leo ni neno gani uliwahi kumwambia mwenzako, ambalo mpaka sasa linamzuia kukwambia ukweli. Kama lipo, mwondolee.

Nilipokuwa naaga, Mama Pindo alinisindikiza mpaka mlangoni. Akaniuliza kama ni kweli niliwahi kusema redioni kwamba mumewe hajawahi kuanguka. Nikakubali.

"Sasa rekebisha," akaniambia. "Sema alianguka. Na sema mkewe anajua."