Mikono Iliyomo Kwenye Kompyuta ya Doña Fanery

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, doña Fanery Ocampo Marulanda, bibi mchoraji wetu wa mashine, anazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia karakana yetu ya mashine za kahawa kwa miaka thelathini na mitatu. Wenzake tulikubaliana kwamba wasifu wake uandikwe na fundi badala ya mhandisi, na mzigo ukaniangukia mimi, Gildardo Henao, muunganishaji wa mashine. Msomaji akikuta alama za grisi asishangae.

Alikuja hapa Manizales kutoka Salamina mwaka 1991, binti wa miaka ishirini na minne mwenye rula ndefu kwapani, akapewa meza iliyo chini ya dirisha linalovuja. Siku hizo tulikuwa watu tisa tu. Idara nzima ya utafiti ilikuwa ni yeye, penseli zake, na don Arnobio Salazar, mwenye karakana, ambaye aliota mashine usiku na kumsimulia asubuhi. Doña Fanery alizichora ndoto hizo kwa subira ambayo mke wa don Arnobio mwenyewe alikiri kuwa hana.

Kompyuta ilifika mwaka 1998 pamoja na programu ya kuchorea mashine. Tulikwenda kuitazama kwa zamu kama mtoto mchanga, na kila jioni don Arnobio aliifunika kitambaa cha kufuma isije ikashikwa na baridi. Baada ya wiki chache doña Fanery alituonyesha kwenye skrini mashine ya kumenya kahawa ambayo ilikuwa bado haipo duniani. Aliizungusha, akaifungua tumbo, tukaiona silinda yake yenye meno ikizunguka. Mimi nimefanya kazi na mashine tangu ujana, lakini siku ile nywele zilinisimama.

Basi vyuma vikachongwa, nami nikaanza kuiunganisha, nikakwama. Nyuma ya beringi palikuwa na nati ambayo mkono wa binadamu usingeweza kuifikia. Nilimtania mbele ya watu wote, wakati wa kahawa ya saa nne, kwamba kompyuta yake ni hodari lakini inaonekana haina mikono. Kesho yake alikuja na kalipa, kifaa cha kupimia vyuma, akaniamuru niweke mkono mezani, akapima unene na urefu wa kila pingili, hata kidole changu cha mwisho kilichopinda tangu nilipokuwa golikipa. Baadaye akaniita. Mkono wangu ulikuwa ndani ya skrini, kidole kimepinda vilevile, umeshika spana na unaingia polepole kwenye mashine. Sijawahi kuona picha yangu iliyonitisha na kunifurahisha kiasi kile.

Tangu hapo hakuna mchoro uliotoka mezani kwake kabla mkono wa Gildardo haujapitishwa kila penye bolti. Muda wa kuunganisha ulipungua karibu nusu, na matusi yangu yakapungua zaidi ya hapo.

Kazi iliyotufanya tumjue hasa ilikuja mwaka 2009. Ushirika wa wakulima ulitaka mashine ndogo za mashambani kabla ya mavuno makuu ya Oktoba. Tulikuwa tumetoka kwenye mwaka mbaya, na wote tulijua kwamba bila oda ile huenda karakana ingefungwa. Mashine ya majaribio ilifanya kazi vizuri, ikabaki michoro kusainiwa. Hapo doña Fanery akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Alipima mikono ya watoto wetu, huku akiwahonga peremende za mapera, akaiingiza kwenye kompyuta. Vidole vyangu vinene vilikwama kwenye mdomo wa mashine, lakini vya mtoto wa miaka saba vilipita pale kahawa inapopita, na ncha zake zikagusa meno ya silinda.

Alikataa kusaini. Don Arnobio alikuja juu, akasema wakulima wataelezwa wazi kwamba watoto wasiikaribie mashine, akamkumbusha familia zinazotegemea oda ile. Doña Fanery hakupandisha sauti.

"Don Arnobio, wewe umekulia kwenye shamba la kahawa. Ni mavuno gani ambayo watoto hawakushika mashine?"

Mzee aliutazama ule mkono mdogo kwenye skrini.

"Chora upya, mwanangu," alisema. "Ushirika nitaongea nao mimi."

Ushirika ulikasirika, ukapeleka nusu ya oda kwingine. Tulipokea mishahara pungufu hadi Krismasi, na wapo waliomnunia, wakipita mezani kwake bila salamu. Yeye alichora. Njia ya kahawa ilibidi iwe ndefu kuliko kidole cha mtoto, lakini ikirefuka tu kahawa inakwama. Akaipinda, akaiinamisha, akaijaribu tena na tena hadi kahawa ikateremka bila vidole kufika.

Mwezi Novemba nilikwenda kufunga mojawapo ya mashine hizo kwenye shamba moja juu ya Aranzazu. Mashine ilikuwa inanguruma, nami nimeshika kikombe cha maji moto ya sukari guru, pale binti mdogo wa nyumba ile alipoisukuma kahawa iliyorundikana kwa kiganja chake. Vidole vikazama vyote. Mkono ulisimama palepale nilipouona ukisimama kwenye skrini. Binti akautoa, akalamba utamu wa kahawa kidole kimoja kimoja, akaenda kucheza.

Nilikaa chini kwenye matope. Nilimpigia doña Fanery simu kumsimulia, nikidhani atalia.

"Mkono ulisimama kwenye vifundo vya vidole, au ulivipita kidogo?" aliuliza.

Nikamwambia kwenye vifundo.

"Haitoshi," akasema, na wiki iliyofuata akairefusha njia ile tena.

Ushirika ulirudi mwaka uliofuata, na haujatuacha. Kompyuta zimebadilishwa, programu zimebadilishwa mara nyingi zaidi, na kila mara kitu cha kwanza anachohamisha ni ile mikono. Wiki hii ameikabidhi kwa wahandisi wetu vijana, akiwaonyesha mkono mmoja mmoja na kumtaja mwenye nao kwa jina.

Doña Fanery, ahsante. Huko milimani wako vijana wasiolijua jina lako, wala hawatalijua, na asubuhi ya leo wamefunga vifungo vya mashati yao kwa vidole vyote kumi. Nenda kapumzike Salamina, nayo maisha yakutunze kama ulivyowatunza.