Mfungo Ambao Sikuufunga

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wale wa viti vya nyuma wameitika kwa uvivu, lakini leo nawasamehe, kwa sababu hata mimi nimekuja kuomba kusamehewa. Bwana asifiwe tena! Mimi ni Ndinda, fundi wa nguo hapa Mumbuni, mke wa Mutua, mama yake Mwende. Wengi wenu nimewapima kifua na kiuno, kwa hivyo nawajua kuliko mnavyodhani. Msiogope, siri za tepu sizisemi. Leo nasema yangu.

Mnakumbuka nilivyokuwa. Kwetu Ukambani mke akinenepa, mume ndiye anayepongezwa, na Mutua wangu alipongezwa hadi akaona haya! Lakini hao waliompongeza hawakujua magoti yangu yanalia vipi. Tumbo lilikuja likakaa kati yangu na cherehani. Mikono ikawa haifiki vizuri kwenye sindano. Nikaanza kushona nimekaa upande, mishono ikapinda, wateja wakahama mmoja mmoja bila kuniaga. Sukari ikapanda, presha nayo ikapanda. Viatu nilivishwa na mume wangu kila Jumapili, nami nikamwambia asiseme kwa mtu.

Nilijaribu, ndugu zangu. Nilikunywa maji ya ndimu. Niliacha chapati. Nilifunga na kuomba pamoja nanyi, na kila mfungo ulipoisha nilikula kama mtu aliyetoka jela. Halafu Mwende, binti yangu ambaye ni muuguzi Nairobi, akaja Krismasi, akanikuta nimelala mchana kwenye kochi. Alikaa kando yangu akisikiliza. Nilipoamka nilimkuta analia. Aliniambia pumzi yangu inasimama nikilala, kisha inaanza tena, na kwamba siku moja huenda isianze.

Ndiyo akanipeleka kwa daktari. Yule daktari alichukua kalamu akanichorea tumbo la chakula, akasema atakata sehemu kubwa aitoe, abakishe kipande chembamba, kisha afunge pale alipokata. Mimi ni fundi. Nilielewa mara moja: huyu anataka kupunguza gauni. Nikamwuliza mshono ukifumuka itakuwaje. Hakucheka. Alinieleza hatari zote bila kunificha, akasema pia kwamba upasuaji si uchawi, kazi kubwa itakuwa yangu baadaye. Nikaomba, Mutua akaomba, nikakubali.

Lakini niliwaapisha Mutua na Mwende wasiseme. Niliona haya! Nilijua kutasemwa nini hapa nje baada ya ibada: kwamba Ndinda ameshindwa kufunga mdomo mpaka akafungwa tumbo. Kwa hivyo mliambiwa nimeenda kumsaidia Mwende kuhama nyumba.

Bwana alinivusha. Niliamka nikiwa na matundu matano madogo tumboni na kiu ambayo sijawahi kuiona. Wiki za kwanza ni supu na uji mwepesi, kijiko baada ya kijiko. Baadaye chakula laini, kiganja kimoja, na kutafuna mpaka taya zichoke. Chai ya sukari ilinipiga siku moja nikatoka jasho, moyo ukaenda mbio, tangu siku hiyo tumeachana. Nywele zilikatika, ngozi ya mikono ikaning'inia, na vidonge vya vitamini nitameza mpaka nife. Nilikaa mbele ya sahani ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, chakula nilicholelewa nacho, nikala vijiko vinne nikashiba, nikalia kama nimefiwa. Mama mkwe wangu kule Wamunyu aliona nimedharau jiko lake. Hakunisemesha hadi nilipoondoka.

Lakini asifiwe Mungu, mwili ulianza kupungua! Magauni yangu niliyapunguza, nikayapunguza tena, mwisho nikayakata nikashona mengine. Daktari alinipunguzia dawa za sukari, kisha akaniambia niache kabisa. Nililala usiku kucha nikipumua, Mutua akawa anaamka kunisikiliza kwa sababu ya ule ukimya. Nikafunga kamba za viatu vyangu mwenyewe! Nyinyi mliozaliwa na kiuno hamwezi kuelewa furaha hiyo. Wateja wakarudi, na sare za kwaya mnazoziona hapa mbele nimezishona zote kwa mikono inayofika kwenye sindano.

Sasa nifike palipo pagumu.

Siku niliyorudi kanisani, Mama Mchungaji alinipokea mlangoni mbele ya akina mama. Alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza kama ni kufunga. Ndugu zangu, lile neno la daktari, kwamba atafunga pale alipokata, lilikuwa bado masikioni mwangu. Nikajibu, "Ndiyo, Mama. Ni kufunga."

Nilijiambia sijadanganya. Si tumbo limefungwa? Lakini aliuliza siku ngapi, nami nikakumbuka zile wiki za supu, nikasema ni kama arobaini. Hapo sasa nilidanganya mchana kweupe. Jumapili iliyofuata nilisimamishwa hapa hapa nikapigiwa makofi, na mimi nikainua mikono! Na mwezi huu akina mama wakaanzisha mfungo wao, wakauita Mfungo wa Ndinda. Mama Mchungaji hana kosa. Alitangaza nilichomwambia.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na miezi saba, na kila Jumapili nilivaa gauni jipya.

Aliyelipa si mimi. Ni dada Kalekye, wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Mnajua naye ni mnene na anatumia dawa za sukari. Alifunga, na dawa akaendelea kumeza, bila kumwambia mtu. Siku ya tisa alianguka kwenye mazoezi ya kwaya, mkanisaidia kumbeba hadi kwenye gari. Njia nzima kwenda hospitali niliomba maombi mafupi tu, kwamba asife. Nilijua akifa, nimemuua mimi.

Waliirudisha sukari yake iliyokuwa imeshuka mno, akafungua macho. Jambo la kwanza kuniambia lilikuwa hili: "Ndinda, wewe arobaini uliziwezaje? Mimi tisa tu zimenishinda. Niko na imani ndogo sana."

Ndugu zangu, aliniomba msamaha! Yeye, akiwa na sindano ya maji mkononi, aliniomba mimi msamaha kwa kuwa na imani ndogo!

Sikuweza kuendelea kuficha. Nilivuta pazia, nikainua blauzi, nikamwonyesha makovu matano. Nikamweleza kila kitu, daktari, supu, matundu na uongo. Nilingoja anifukuze. Alishusha blauzi yangu kwa mkono wake, akasema, "Usiniambie mimi peke yangu. Tuko wengi."

Kwa hivyo nimesimama. Nilimwambia Mchungaji na mkewe Ijumaa, walinikemea inavyostahili, kisha wakaniombea. Mungu aliniokoa mara mbili, na ile ya pili, ya kuniokoa na uongo wangu, ilikuwa ngumu kuliko kisu. Aliniokoa na mwili uliokuwa ukinizika, akatumia mikono ya daktari, nami nikaona haya kumtaja daktari kana kwamba Mungu angekasirika. Je, aliyempa fundi akili ya kushona, hakumpa daktari yake? Namtukuza kwa kila kovu! Yote matano ni ushuhuda wangu, na nilikuwa nimeyafunika.

Kufunga ni kuzuri, sikupingi. Funga kwa ajili ya Mungu, na kama unatumia dawa, mwulize daktari kwanza. Lakini usifunge kwa ajili ya Ndinda. Ukilemewa na mwili kama nilivyolemewa, njoo dukani kwangu, tutafunga mlango na nitakwambia yote, hata yale ya kutapika. Na umwamini Mungu kiasi cha kumwambia ukweli. Mimi nilimwamini kwa kisu nikashindwa kumwamini kwa ulimi.

Namwona dada Kalekye pale, ameketi na kwaya, mzima, Bwana asifiwe! Ameniambia kuna dada sita hapa ndani ambao bado wanaendelea na mfungo ule, na leo asubuhi wamekuja bila hata chai. Sitawataja. Dada zangu, naomba mnisikie. Mfungo wa Ndinda haukuwahi kuwako. Hamjashindwa, na imani yenu si ndogo. Ibada ikiisha, nendeni nyumbani mkale.